Nilitolewa uvimbe kwenye figo kwa roboti: uzoefu wangu, kutoka Kigoma

Naandika kwa ajili ya mtu wa huku kwetu aliyepewa majibu ya utrasaundi na kuambiwa ana uvimbe mdogo kwenye figo. Usikubali haraka figo yote itolewe.

Mimi sikuwa na maumivu ya kiuno wala damu kwenye mkojo. Nilikwenda kupimwa tumbo tu, uvimbe ukaonekana figo ya kushoto. Siti skani ikasema sentimita 3. Daktari wa kwanza niliyemwona akaniambia, "Mama, tunaitoa yote, figo moja inatosha." Ni kweli watu wanaishi na figo moja, lakini mimi nina presha, na hiyo iliyobaki ikija kuchoka nitakimbilia wapi? Uvimbe usiozidi sentimita 4 mara nyingi hutolewa wenyewe, figo ikabaki. Tena katika vimbe ndogo kama hizi, karibu 1 kati ya 5 hukutwa si saratani kabisa.

Tukachanga ukoo mzima, shemeji akauza injini ya mtumbwi, nikaenda Chennai, India.

Wenzangu wa mwaloni Kibirizi waliniuliza kama mashine inakata yenyewe. Haikati yenyewe. Roboti inashika kamera na vyuma vyembamba vinavyopita kwenye matundu madogo ya tumbo, tundu moja kama milimita 8. Daktari anakaa pembeni, macho kwenye skrini, vidole kwenye vishikio, na chuma kinafuata mkono wake. Kazi ngumu iko hapa: mshipa unaoleta damu kwenye figo unabanwa, na figo ikikosa damu muda mrefu inaumia. Wanajitahidi isizidi dakika 25 hivi. Ndani ya muda huo uvimbe ukatwe na kidonda kishonwe. Vyuma vya kawaida vya upasuaji wa matundu vimenyooka. Hivi vya roboti vinajikunja kama kifundo cha mkono, kwa hiyo kushona kunakwenda upesi. Nilionyeshwa video ya figo yangu mwenyewe: sindano imepinda, inaingia na kutoka, uzi unavutwa mpaka mdomo wa kidonda unafumba.

Vidonda vya tumboni havikunitesa sana. Kilichonitesa ni bega! Tumbo hujazwa gesi ili daktari apate nafasi, na ile inayobaki inasumbua kiwambo cha chini ya mapafu, maumivu yanapanda begani. Kutembea kulinisaidia. Mpira wa mkojo nao unakera, ila ulitolewa mapema.

Kama fedha hazifiki, usikate tamaa. Kwa kuondoa saratani, upasuaji wa kawaida wa kufungua hauko nyuma ya roboti. Tofauti ni damu kidogo na kupona upesi. Bingwa mzoefu anayeokoa figo kwa kisu ni bora kuliko mashine mikononi mwa anayejifunza. Muulize bila aibu ameshafanya wangapi, na wangapi walibaki na figo zao.

Maabara ilithibitisha ni saratani, na kingo zake zilikuwa safi, yaani pembeni walipokata hapakuonekana saratani. Wiki za mwanzo nilikatazwa kunyanyua mizigo, magunia ya dagaa wakanibebea vijana. Presha na kreatinini (kipimo cha damu kinachoonyesha figo inavyofanya kazi) napima hapahapa Kigoma, na picha za figo nitaendelea kupiga kwa miaka.