Kozi ya MATLAB niliyolipia, na faili ambalo mwalimu hakutaka tulisome

Kama unatafuta kozi ya jioni ya MATLAB, programu ya kukokotoa na kuchora grafu, hapa Dar, soma hii kabla hujatuma pesa. Jina la kituo silitaji, ila waliosoma pale watakitambua.

Nilijiunga kwa sababu kazini nashughulika na takwimu za mvua na Excel ilikuwa imeshanielemea. Darasani tulitumia MATLAB ya kituo. Leseni yangu binafsi siimudu, kwa hiyo nyumbani niliweka GNU Octave, ambayo ni ya bure na lugha yake ni karibu ileile. Nilimuuliza mwalimu kabla ya kulipa kama itafaa. Akasema, "Itafaa kabisa, dada."

Mwanzoni misimbo ilikuja kama picha za skrini kwenye grupu la WhatsApp. Picha! Unakaa usiku unanakili herufi kwa herufi, na ukisahau nukta moja kwenye `.*` kompyuta inazidisha matriksi (jedwali la namba) nzima badala ya namba kwa namba. Tulipolalamika akahamia Word, ambayo hupindisha alama za kunukuu, na zikishapinda Octave haizitambui.

Kisha ikaja kazi ya mwisho, na hapo ndipo aliponichosha. Alituma mafaili mawili. La msimbo liliishia na .p, yaani limefungwa makusudi: MATLAB inaliendesha, binadamu halisomi, na Octave hailiendeshi hata kidogo. La data lilikuwa .mat, faili la data la MATLAB, toleo la 7.3, ambalo Octave yangu haikulifungua. Toleo hilo lina kazi yake, maana kigezo kimoja (jedwali moja la data) kikizidi GB 2 hakihifadhiki kwenye matoleo ya nyuma. Sisi tulikuwa na mvua ya vituo vichache tu! Ilitosha aongeze `-v7` wakati wa kuhifadhi, au atoe CSV, yaani jedwali la maandishi ya kawaida, na kila mtu angefungua, awe na Octave au lugha nyingine kama R au Python.

Nikaandika kwenye grupu kwa adabu: "Mwalimu, samahani, tunaotumia Octave faili halifunguki. Tunaomba CSV, na msimbo unaosomeka ili tujifunze." Akanijibu mbele ya wote: "Dada, kama programu ya kweli huna, rudi kwenye Excel. Msimbo ni jasho langu, siugawi ovyo." Nilipouliza tena akaniondoa kwenye grupu. Ada nimelipa yote, kozi haijaisha, naondolewa!

Jasho gani? Kazi yenyewe ilikuwa kukokotoa wastani wa kila mwezi na kuchora grafu. Nimeiandika mwenyewe baadaye, haijazi ukurasa. Na MATLAB yenyewe ilianzia darasani. Cleve Moler, akifundisha Chuo Kikuu cha New Mexico mwishoni mwa miaka ya 1970, aliitengeneza ili wanafunzi wake watumie LINPACK na EISPACK, maktaba za hesabu za matriksi, bila kulazimika kuandika lugha ya Fortran, na nakala zikasambaa vyuoni bure kabla kampuni inayoiuza haijaanzishwa mwaka 1984. Octave nayo John W. Eaton alianza kuiandika kwa bidii mwaka 1992, na walengwa wa kwanza walikuwa wanafunzi wa uhandisi kemia. Wenzake waligawa chombo kizima, yeye anafungia wastani wa mvua.

Haki yake nimpe: matriksi anazijua na anazifundisha vizuri mno. Jioni aliyotueleza kwa nini `A\b`, amri ya kutatua milinganyo, ni salama kuliko kutafuta kwanza kinyume cha matriksi, nilirudi nyumbani na furaha ambayo sikuwahi kuipata kwenye hesabu. Kwa somo lile nilikuwa tayari kuwaambia nendeni, hasa mwenye leseni ya kazini.

Ila hata huyo atapata nini? Kesho akitaka kuongeza kituo kimoja cha mvua, lile faili la .p atalibadilishaje? Ameondoka na kitu asichoweza kukigusa. Hapana, msiende. Octave wekeni na mjifunze nayo, inatosha kabisa kuanzia. Na kwa kozi yoyote nyingine, ombeni faili moja la mfano mlifungue kwenye laptopu zenu kabla ya kulipa hata nusu ya ada.

Ofisi yao nimewaandikia nikidai CSV, msimbo unaosomeka na sehemu ya ada yangu. Ujumbe wameusoma, tiki ni za bluu. Wakijibu nitaongeza hapa.