Bustani ya Kumbukumbu ya Kwame Nkrumah, Accra: Anzeni na Sanamu Iliyovunjwa

Ndugu watazamaji, karibuni. Katika video hii ninawachambulia Bustani ya Kumbukumbu ya Kwame Nkrumah, kiongozi wa kwanza wa Ghana huru, iliyoko katikati ya jiji la Accra, kando ya barabara ya High Street, mwendo mfupi kutoka baharini. Ni mara yangu ya kwanza kuingia humu, ingawa jina lenyewe nimekua nalo. Aliyesoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam anaufahamu Ukumbi wa Nkrumah, na wengi wetu tuliwahi kuubeba mfukoni bila kujua, kwa sababu picha ya ukumbi huo ilikuwa nyuma ya noti yetu ya shilingi 500.

Nianze na jambo litakalowafaa wanaopanga safari. Wakala aliyenipangia ziara ya jiji alitenga dakika 40 tu kwa bustani hii, akiichukulia kuwa kituo cha kupigia picha kabla ya kwenda sokoni. Nilipoona muda unakwisha nami sijafika hata makumbusho, niliwaaga wenzangu, wakaondoka na basi, nikabaki. Tengeni saa mbili kamili, na fikeni asubuhi, kwa maana jua la mchana likipiga juu ya marumaru mtashindwa kuyainua macho. Kiingilio hulipwa langoni, na mgeni kutoka nje hulipa zaidi ya Mghana. Ulizeni bei ya siku hiyo, kwa kuwa hubadilika.

Uwanja huu, enzi za ukoloni, ulikuwa wa Waingereza kuchezea polo. Hapa ndipo Nkrumah alipopanda jukwaani usiku wa kuamkia tarehe 6 Machi 1957, akiwa amevaa fugu, vazi la watu wa kaskazini mwa Ghana, akatangaza kwamba nchi yake iko huru, na papo hapo akaongeza kwamba uhuru huo hauna maana usipofungamana na ukombozi wa Afrika nzima. Sanamu yake kubwa ya shaba, mkono ukiwa umenyooshwa mbele, imesimamishwa pale pale aliposimama usiku ule. Kuielekea, unapita kati ya chemchemi mbili zenye sanamu za wapuliza pembe waliochuchumaa, vifua wazi, wakimtangaza mkubwa anayefika. Mtazamaji wa Lamu au Pate hahitaji kufafanuliwa hilo, maana ataikumbuka siwa, ile pembe kubwa ya watawala wa pwani, mara moja.

Hata hivyo, ushauri wangu ni kwamba msianzie hapo. Ipiteni sanamu hiyo, lizungukeni kaburi lake hadi nyuma, mtafute sanamu nyingine, ya zamani, isiyo na kichwa. Hiyo ilikuwa mbele ya jengo la Bunge la wakati ule, na ilivunjwa katika mapinduzi ya kijeshi ya tarehe 24 Februari 1966, Nkrumah mwenyewe akiwa safarini barani Asia. Kichwa kilihifadhiwa na mwananchi mmoja kwa miaka mingi, kisha kikarudishwa, na sasa kimewekwa juu ya nguzo yake, kando ya mwili. Wangeweza kukiunganisha, au kuificha sanamu yote bohari. Wameiacha ilivyo, na kwangu mimi huo ndio uamuzi bora kuliko yote yaliyofanywa katika bustani hii, kwa sababu hapo unamwona shujaa aliyeshangiliwa na umati mwaka 1957 na kuangushwa mbele ya umati katika jiji lile lile kabla ya miaka kumi kutimia. Mzazi aliyekuja na watoto atapata kazi ya kujibu maswali. Mtoto mmoja karibu nami alimwuliza mama yake ni nani aliyefanya vile, na mama akachukua muda kabla ya kujibu.

Ukitoka hapo ndipo kaburi linapokuwa na uzito. Lilibuniwa na msanifu majengo Mghana, Don Arthur, na bustani ikafunguliwa tarehe 1 Julai 1992. Wapo wanaoona ndani ya umbo lake panga zilizogeuzwa, ambazo kwa Waakan, watu wa kusini mwa Ghana, ni alama ya amani. Wengine wanaona kisiki cha mti mkubwa uliokatwa kabla haujakoma kukua, yaani kazi ya kuiunganisha Afrika iliyoachwa njiani. Mimi niliona kisiki. Ndani ni kimya na pana ubaridi, na mwanga unateremka kutoka juu. Amelala hapo pamoja na mkewe Fathia, binti wa Misri, aliyefariki mwaka 2007. Hili ni kaburi la tatu la Nkrumah: alifia Bucharest mwezi Aprili 1972, akazikwa kwanza Guinea iliyompokea uhamishoni, kisha Nkroful alikozaliwa, na miaka 20 baadaye akaletwa hapa.

Mbele ya kisiki hicho nilimkumbuka Mwalimu Nyerere. Wawili hawa walipingana waziwazi, hasa katika mkutano wa wakuu wa nchi za Afrika mjini Cairo mwaka 1964, Nkrumah akitaka serikali ya Muungano wa Afrika mara moja, Nyerere akiamini katika kwenda hatua kwa hatua. Lakini Machi 1997, Ghana ilipotimiza miaka 40 ya uhuru, Mwalimu alikuja Accra akamsifu Nkrumah kuwa mpiganaji mkuu wa umoja wa Afrika, na akakiri kwamba kizazi chao kilishindwa kuufikisha.

Makumbusho ni mazuri, hasa baada ya ukarabati uliokamilika mwaka 2023: nguo zake, vitabu vyake, picha nyingi akiwa na viongozi wa dunia. Ningetamani sana sisi wa Afrika Mashariki tuingie tukikumbuka kwamba Desemba 1958, katika Mkutano wa Watu Wote wa Afrika uliofanyika jijini humu, mwenyekiti alikuwa Tom Mboya wa Kenya, kijana wa miaka 28, na Patrice Lumumba alikuwa miongoni mwa wajumbe.

Je, mahali hapa panastahili fedha na muda wenu? Kwangu, ndiyo, bila kusita. Anayetafuta bustani ya kupumzikia na kutandika mkeka, hapa si pake. Chukueni mtembeza wageni wa hapo hapo, naye mwombeni awapeleke kwanza nyuma. Mkimaliza, tokeni langoni mkalitazame jengo la Bunge la zamani, lililo jirani kabisa. Pale mbele yake ndipo ile sanamu iliposimama ikiwa nzima.