Unaunganisha majengo kwa faiba hapa Tanga? Nunua kwa mpangilio huu

Watu wananipigia sana, mgosi nina ofisi hapa Chumbageni na godauni lipo kule nyuma, nataka kompyuta zote zionane, ninunue nini? Na kabla sijafungua mdomo ashaniambia kuna jamaa dukani kamshauri avute tu ule waya wa Cat6 (waya wa shaba wa mtandao) mpaka huko, akiona mbali aweke swichi (kaboksi ka kuunganisha kompyuta nyingi) katikati. Sasa waya wa shaba wa Ithaneti mwisho wake mita 100, ukizidisha unaweza ukaona taa inawaka lakini mambo yanakwenda kwa kusuasua halafu unaanza kulaumu kompyuta. Ukipita hapo ni faiba (uzi wa kioo unaopitisha data kwa mwanga) au redio, na hata chini ya hapo kama waya unatoka jengo hili kwenda lile mimi bado nasema faiba, sababu nitaisema.

Kwanza jina la kifaa, maana wengi wanaomba ripita, yaani kifaa cha kurudia ishara ili ifike mbali. Ukienda dukani ukaomba ripita ya faiba watakutolea media konveta, kale kaboksi kenye tundu la waya wa kawaida upande huu na la faiba upande ule. Ripita zenyewe za enzi za habu (kaboksi kalikotangulia swichi) na spidi ya Mbps 10 zilikuwa zinarudia kila kinachopita, data zikigongana huku na kule nako wanajua zimegongana, ndo maana kulikuwa na masharti ya ripita ngapi unaruhusiwa kuzifuatanisha. Swichi imemaliza hayo maneno kwa sababu kila tundu linajitegemea. Kwa hiyo ukikuta mahali bado pana habu katikati usihangaike kuitafutia faiba, itoe.

Namba moja kwangu, na sioni kitu cha kuishusha: swichi ya gigabiti (spidi ya Mbps 1000) yenye matundu ya SFP, unaiweka kati, kila jengo linaletewa faiba yake mpaka hapo. SFP ni kile kidude kidogo unachochomeka kwenye swichi ndo faiba inaingia humo. Kikifa unabadilisha hicho tu, swichi inabaki. Kule mwisho unaweka swichi nyingine yenye SFP au konveta ya gigabiti, zote zinaelewana. Majengo mawili matatu hiyo swichi yenye SFP 2 au 4 inatosha kabisa, ila kama ni shule au shamba la mkonge lenye ofisi, korona (mtambo wa kuchakata mkonge), karakana, stoo na nyumba za mameneja tafuta yenye SFP 8 na kuendelea, na iwe manejidi, yaani unayoweza kuipangia mwenyewe, ili uwatenganishe wa uhasibu na wageni wa waifai. Watu wanakwepa hii kwa ajili ya bei halafu wanaunganisha jengo la kwanza kwenda la pili, la pili kwenda la tatu, kama shanga. Umeme ukikatika jengo la pili wote walioko mbele wamekwisha.

Namba mbili ni konveta mbili mbili na swichi yako ileile uliyonayo. Ni rahisi na zinapatikana kirahisi, kwa jengo moja tu mimi mwenyewe nafunga hizi bila wasiwasi. Ila hapa ndo kuna mitego. Zile za kora moja (uzi mmoja wa kioo) zinakuja A na B, moja inatuma kwa mwanga wa nanomita 1310 na kupokea kwa 1550, nyenzake kinyume chake. Niliwahi kupanda bodaboda mpaka saiti na konveta mbili zote A, nikahangaika nusu siku nasafisha vichwa vya faiba bure kabisa, mpaka nilipogeuza boksi nikasoma chini. Mtego wa pili ni spidi, konveta ya Mbps 100 haiongei na SFP ya gigabiti, kwenye faiba hawakubaliani katikati kama wanavyofanya kwenye shaba. Zote 100 au zote gigabiti, na mwaka huu usinunue za 100. Mtego wa tatu adapta. Konveta nyingi haziharibiki, kinachokufa ni adapta yake, hizo ndo waja leo waondoka leo wenyewe, kwa hiyo ukifikisha konveta tano sita pale kati achana na kuzipanga kwenye ekstensheni moja, nunua ile raki ya konveta yenye matundu 14 na pawa mbili, au rudi namba moja maana kwa hesabu hiyo hela zinakaribiana.

Namba tatu redio za kurushiana mtandao hewani bila waya, zile za 5 GHz. Sizidharau, pa kwenda ng'ambo ya barabara ambapo hujaruhusiwa kuchimba wala kupitisha nguzo ndo mkombozi wako, unafunga asubuhi mchana unatumia. Lakini lazima zionane uso kwa uso, mnazi ukikua umekula kwako, na ukiwa Raskazone karibu na bahari chumvi inakula bolti na vichwa vya waya kuliko unavyofikiria.

Ya mwisho kabisa ni shaba na swichi kila baada ya mita tisini. Swichi ya katikati inakaa wapi, kwenye mti? Inapata wapi umeme? Na masika yakiingia na radi zake, waya wa shaba uliopita nje unakuletea shoti ndani ya swichi. Nimeona swichi ya matundu 24 imebaki na matundu 9 yanayofanya kazi, asubuhi moja tu. Faiba ni kioo, radi haisafiri humo. Ila angalia, kebo nyingi zina waya wa chuma wa kuibeba, huo uukate na kuuishia nje, usiuingize mpaka kwenye raki (kabati la vifaa).

Sasa kebo yenyewe, na hapa ndo usibanie hela kabisa, maana konveta utabadilisha kesho lakini kuchimba tena hutaki. Faiba zipo aina mbili, singo modi na maltimodi; chukua singo modi. Maltimodi gigabiti haivuki sana mita 550 na vifaa vyake havikai madukani, singo modi kwa SFP ya kawaida unakwenda kilomita 10. Kora 4 hata kama unatumia 1, tofauti ya bei ni ndogo. Ya kuzika iwe na ngao ya chuma, panya buku hawana adabu, ya nguzoni chukua ya kujibeba. Vichwa usichanganye vya kijani na vya bluu, vinaingiana lakini mwanga unapotea njiani. Na asikudanganye mtu kwamba SFP ya kilomita 80 ni bora zaidi kwa mita zako 400, ile ina mwanga mkali inamzidi mpokeaji, unaweza hata kumuua. Wala usichungulie kwenye kichwa cha faiba uone kama inawaka, huo mwanga hauonekani kwa macho na macho yenyewe huna ya akiba.

Fundi akija muulize kama ana mashine ya kuchomelea faiba na kipimo cha mwanga. Akisema anatumia vile vichwa vya kubana kwa mkono, kwa ndani sawa, kwa nje hapana. Akimaliza akuandikie kila kora inasoma ngapi dBm (kipimo cha nguvu ya mwanga) kule mwisho, ubandike kwenye mlango wa raki pamoja na konveta moja A na moja B za akiba droo ya chini, mana siku itakayokufa itakuwa Jumapili.