Tahadhari kwa wenye nyumba za zamani chini ya miti: watu wa mashine ya presha wako getini

Majirani wa Kileleshwa, Lavington, Loresho, Parklands, Woodley na kwingineko Nairobi penye nyumba za zamani zilizofunikwa na jakaranda na migrevilea: kuna watu wanazunguka na mashine ya presha, ile ya kuoshea kwa maji yenye nguvu, kwenye pikapu, wakiuza huduma ya "kufufua paa na kuta". Baadhi yao ni matapeli wa kawaida wanaopokea malipo ya awali na kutoweka. Hao ni rahisi kuwatambua. Wabaya zaidi ni wale wanaomaliza kazi, nyumba ikang'aa, wakalipwa na kuaga kwa heshima. Hasara waliyoacha itaonekana mvua zikirudi, na kufikia hapo simu yao haipatikani.

Huja zaidi kipindi cha baridi, Juni hadi Agosti, kuta zikiwa katika hali yake mbaya kuliko wakati wowote wa mwaka. Soja anaambiwa wametumwa na jirani wa pale kona. Mmoja anapiga picha ya paa na kukuonyesha madoa meusi, anasema vigae "vinaoza" na mvua za Oktoba zitaingia chumbani. Halafu wanajitolea kuonyesha kazi bure: wanaosha kipande cha kama mita moja mraba, na kwa makusudi wanachagua katikati ya ukuta wa mbele au kwenye kabro (matofali ya kutandika uani) za kuingilia. Kipande kinatoka cheupe kabisa, na nyumba nzima ghafla inaonekana chafu kuliko ilivyokuwa asubuhi. Hapo ndipo bei inapotajwa. Msiwaruhusu kabisa. Anayetaka kuonyesha uwezo wake aonyeshe nyuma ya tangi.

Ili kujua kwa nini kazi yao ni hasara hata inapofanywa kwa bidii, ni lazima kuelewa ule weusi ni nini. Si vumbi. Ni kuvu na mwani mdogo sana unaoishi juu ya kigae, plasta au jiwe, ukilishwa na unyevu na takataka za majani na maua. Nairobi iko kusini kidogo ya ikweta, kwa hiyo kuanzia karibu tarehe 20 Machi hadi karibu tarehe 25 Septemba jua hupita upande wa kaskazini. Ukuta unaotazama kusini hukaa karibu miezi sita bila kuguswa na jua moja kwa moja, na miezi hiyo ndiyo ya mvua ndefu na ya baridi yenye mawingu. Ongeza kivuli cha mti mkubwa na ukuta haukauki kamwe. Tazameni nyumba zenu: kijani kibichi huanzia upande wa kusini, chini ya gata (mfereji wa maji ya paa) inayovuja.

Kitu kilicho hai huuliwa kwa dawa. Presha hukikwangua juu tu na kuacha mizizi yake kwenye vitundu vya plasta, na papo hapo inakwaruza uso uliokuwa laini. Uso ulioparuzwa hushika maji na uchafu zaidi, hivyo kuvu hurudi haraka na kushika vibaya kuliko mwanzo. Biashara nzima ya hawa jamaa inasimama hapo. Nyumba inakuwa safi siku ya malipo, na mwaka unaofuata unawahitaji tena.

Sasa uharibifu wenyewe. Mashine ya petroli ya PSI 3,000 inatoa kama bar 207 (vyote ni vipimo vya presha). Rangi ya nozeli, ile ncha ya kutolea maji, inaeleza upana wa maji: nyekundu ni nyuzi 0, yaani maji yanatoka kama msumari, njano ni 15, kijani 25, nyeupe 40. Ukiona nyekundu, au ile nozeli ya kuzunguka, imefungwa kwenye bunduki ya mashine na mtu anaelekea kwenye ukuta wa nyumba, msimamishe hapo hapo.

Vigae vya udongo vya aina ya Mangalore ndivyo vinavyoumia zaidi. Uso wa kigae uliochomwa kwenye tanuri ndio unaozuia maji. Ukishatolewa, kigae kinanyonya. Tena vigae hivyo vimelala kimoja juu ya kingine ili maji yashuke. Mtu anayesimama chini au kwenye ngazi na kupiga maji kwenda juu anayasukuma ndani ya maungio, na dari inaanza kuonyesha ramani za kahawia. Na bado hujahesabu vilivyovunjika kwa kukanyagwa. Vigae vya saruji navyo hupoteza tabaka la rangi. Maji yanayoshuka yakiwa mekundu au ya kahawia hata baada ya uchafu kuisha, hiyo ni rangi ya paa lako inaenda mtaroni. Mabati ya vigae yaliyopakwa chembe za mawe hupoteza chembe hizo. Ukikuta gata imejaa kitu cha mfano wa mchanga mnene baada ya kuoshwa, jua kinga ya bati imeondoka.

Kwa paa la asbesto, yale mabati mazito ya kijivu yenye mawimbi yaliyofungwa kwa bolti, hakuna majadiliano. Maji ya presha yanatoa nyuzi zinazobaki kwenye ua, kwenye nguo na hatimaye kwenye mapafu. Kanuni za usimamizi wa taka zinaihesabu asbesto kama taka hatari. Isiguswe, wasilianeni na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, wawaelekeze kwa mwenye leseni.

Kuta za mawe huharibika kwenye maungio. Saruji au chokaa ya miaka mingi kati ya mawe imeshalegea, na nozeli ya nyuzi 15 kwa umbali wa sentimita 10 inaichimba yote. Madirisha ya chuma ya nyumba hizi yameshikilia vioo kwa puti iliyokauka. Presha inaing'oa, na dirisha lililokuwa halivuji linaanza kuvuja. Mbao za ukingo wa paa zinatoka nyuzinyuzi na kuwa na manyoya. Rangi ya zamani inaweza kuwa na risasi (madini yenye sumu), na vipande vyake vikitawanywa kwenye udongo ambapo watoto wanacheza, kuviokota vyote haiwezekani. Kabro peke yake ndizo zinazostahimili presha, nazo pia hupoteza mchanga wa maungio. Fundi wa kweli huleta mchanga laini mkavu, akaufagia ndani baada ya kabro kukauka. Hawa hawaleti, na baada ya miezi michache magari yanaanza kuzichezesha.

Upande wa dawa ndiko kwenye uongo mtupu. Wanashusha mtungi wa lita 20 usio na lebo, ndani kioevu cha buluu chenye povu, wanaita "dawa ya kutoka Ujerumani". Kipimo ni rahisi: dondosha kidogo kwenye kitambaa cheusi cha pamba. Dawa yenye sodiamu haipokloraiti, ambayo ndiyo kiini cha jiki, inanuka wazi na kufifisha kitambaa baada ya dakika chache. Sabuni yenye rangi haifanyi lolote. Kuna dawa halali isiyo na klorini, yenye benzalkoniamu kloraidi, na hiyo kweli haifuti rangi ya kitambaa. Lakini huuzwa na lebo inayoonyesha kiwango, na haiondoi weusi siku hiyo hiyo. Huua kuvu, kisha mvua huuosha polepole kwa wiki kadhaa. Anayekuambia ana dawa isiyo na harufu, isiyo na lebo, na inayong'arisha kwa dakika tano, anakuuzia maji ya sabuni na nguvu ya mashine.

Wengine wanatumia asidi ya haidrokloriki, ile ya kusafishia vyoo. Ikimwagwa ukutani inatoa povu, na wateja hufurahi wakidhani uchafu unachemka. Kinachochemka ni chokaa na saruji ya maungio yako. Hatari kubwa zaidi ni asidi hiyo kukutana na jiki kwenye ndoo moja au ukuta mmoja: inatoa gesi ya klorini, na imetosha kumlaza mtu hospitalini.

Baadaye wanauza "sila" ya kulinda jiwe na kabro. Subirini saa 24, kisha mdondoshe maji juu yake. Yakisimama kwa matone, kuna kitu kilichopakwa. Yakinywewa na jiwe likawa jeusi, mmelipia maji. Hata sila ya kweli ikipakwa juu ya jiwe bichi inafungia unyevu ndani na kuleta ukungu mweupe. Ndivyo ilivyo pia kwa ile ofa ya kuosha leo na kupaka rangi kesho. Bandikeni kipande cha nailoni cha sentimita 50 kwa 50 ukutani kwa utepe pande zote, kikae usiku kucha. Kukiwa na matone ndani asubuhi, rangi itaota malengelenge. Mwezi wa Julai ukuta wa kusini unaweza kuhitaji wiki mbili na zaidi.

Kuhusu pesa, angalieni vipimo. Bei ni kwa mita mraba, na wao ndio wanaopima. Nyumba yenye paa linalofunika mita 12 kwa 10 ina mita mraba 120 ukitazama kutoka juu. Mteremko wa nyuzi 30 unaifanya kuwa karibu 139. Mteremko mkali wa nyuzi 45 unaifikisha karibu 170. Ukiletewa hesabu ya 220, unaibiwa mchana. Pimeni wenyewe kwa utepe kabla hawajafika. Halafu maji: mashine inayotumia lita 10 kwa dakika inakula lita 600 kwa saa, na siku ya saa sita inamaliza lita 3,600. Kwa mtaa ulio kwenye mgao wa maji, hilo ni tangi lote la wiki. Mkataba useme ni maji ya nani, la sivyo katikati ya kazi mtaambiwa mnunue bauza (lori la maji).

Malipo ya awali "ya kemikali" yakiombwa kwa nambari ya simu ya mtu binafsi, kataeni. Nambari ya Till, ile ya biashara ya M-Pesa, huonyesha jina la biashara, na jina hilo mnaweza kulitafuta kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kabla ya kutuma shilingi. Anayekubali kununuliwa dawa na mwenye nyumba mwenyewe, dukani, kwa risiti, huyo mzungumze naye. Matapeli hukataa hapo hapo. Kuna pia wanaojitolea kukata mti "bure" ili paa lipate jua. Mgrevilea na mti wa krismasi mkubwa ni mbao. Wao ndio wangepaswa kukulipa. Na kabla ya kuangusha mti wowote mkubwa, ulizeni ofisi ya mazingira ya kaunti. Kwa kawaida kupunguza matawi yakae mita mbili kutoka paani kunatosha.

Kazi sahihi haina kishindo. Gata zinasafishwa kwanza kwa mkono. Bomba linaloshusha maji ya mvua kwenye tangi linatenganishwa, na halirudishwi hadi mvua mbili nzuri zipite. Maua na mboga zinamwagiliwa hadi udongo ushibe, kisha zinamwagiwa tena wakati wa kazi na baada yake. Kwa pampu ya mgongoni ya lita 16, ile ya kunyunyizia sukuma wiki, dawa ya ukuta huchanganywa lita moja na nusu ya haipokloraiti ya asilimia 12 na lita 14.5 za maji, hivyo kufikia kama asilimia 1. Vigae vyenye weusi sugu huhitaji kama asilimia 3: lita 4 kwa lita 12 za maji. Tone la sabuni ya vyombo husaidia dawa kushika. Nunueni dawa mpya, maana ikikaa juani hupoteza nguvu. Ukuta unanyunyiziwa kutoka chini kwenda juu ili isiache michirizi, unakaa dakika 10 hadi 15 bila kukauka, kisha unasuuzwa kwa bomba la kawaida la bustani. Mabati yasuuzwe vizuri zaidi kwa sababu dawa hii inakula zinki. Ikibidi kutumia mashine kwenye plasta nzima, isizidi bar 40 hadi 60, nozeli nyeupe, umbali wa sentimita 40. Glavu na miwani zivaliwe, na swichi za nje zifunikwe. Paani, mashine isipande kabisa.

Kama mmeshatapeliwa, ujumbe wa utapeli unaweza kutumwa bure kwa 333 ya Safaricom ili nambari ishughulikiwe, na taarifa iandikishwe polisi mpate nambari ya OB (kitabu cha matukio). Kama mtu anajulikana lakini amekataa kurekebisha, Mahakama ya Madai Madogo inasikiliza madai hadi shilingi milioni moja, bila kulazimika kuwa na wakili, na sheria inaitaka imalize ndani ya siku 60. Kinachowaangusha wengi ni ushahidi. Pigeni picha za kila upande kabla bomba halijafunguliwa, chukueni nambari ya pikapu, hifadhini chupa ndogo ya ile dawa yao ikiwa imeandikwa tarehe, na msifute ujumbe wowote wa WhatsApp, hata ule wa sauti.