Makumbusho ya Uasi wa Warsaw: nyota tano, ila nenda na muda wa kutosha

Jamani kama uko Ulaya kwa masomo au kazi na umepata nafasi ya kufika Warsaw, mji mkuu wa Polandi, makumbusho haya usiyapite. Yako mtaa wa Grzybowska, ukishuka metro ya Rondo Daszyńskiego unatembea kidogo tu umefika. Jengo zamani lilikuwa mtambo wa kuzalisha umeme wa tramu na bado ule muonekano wa kiwanda upo, matofali mekundu na vyuma, pamewafaa sana.

Wengi wanachanganya kwa hiyo niseme mapema, hapa siyo ule uasi wa Aprili 1943 wa Wayahudi wa geto, yaani mtaa waliofungiwa na Wajerumani, huu ni wa tarehe 1 Agosti 1944 saa 11 jioni, jeshi la siri la Polandi, Armia Krajowa, lilipowainukia Wajerumani waliokuwa wameiteka nchi. Walitegemea kumaliza ndani ya siku chache wakajikuta wanapigana siku 63, na Septemba jeshi la Kisovieti la Stalin, nalo likipigana na Wajerumani, lilikuwa tayari limefika ng'ambo ya mto Vistula lakini msaada wa maana haukuja. Raia karibu laki mbili walikufa. Humo humo Wola, eneo yalipo makumbusho, mwanzoni mwa Agosti watu makumi ya maelfu waliuawa ndani ya siku chache, wazee na watoto, tena hawakuwa na silaha yoyote.

Ndani watu wengi wanakimbilia ule mfano wa ndege kubwa ya kivita ya Liberator wapige picha, sawa ni nzuri, na ndege za aina hiyo zilikuwa zinatoka Italia kudondosha misaada usiku, nyingine zikirushwa na marubani wa Afrika Kusini na baadhi yao hawakurudi, hili kwetu Afrika halisemwi kabisa na linauma. Lakini mimi ningekwambia anza na zile karatasi za kalenda ukutani, kila siku ya mapigano ina karatasi yake, unachana unaondoka nayo, unasoma siku moja moja hali inavyozidi kuwa mbaya. Kuna pia mfano wa mitaro ya majitaka ambayo wapiganaji walipita kuhama mtaa mmoja kwenda mwingine, na filamu fupi ya 3D inayokurusha juu ya mji ulivyokuwa 1945, vifusi mpaka macho yanapoishia.

Sehemu ambayo naona ina uzito kuliko zote ni ile ya baada ya vita. Wapiganaji walewale serikali ya kikomunisti ikawakamata, wengine wakafungwa, wengine wakauawa, na sanamu yao kubwa mjini ikaja kusimama 1989, makumbusho yenyewe 2004, yaani miaka 60 imepita! Wapolandi mpaka leo wanabishana kama ilikuwa sahihi kuanzisha ule uasi, na kwa maoni yangu makumbusho yameegemea upande wa ushujaa, ule ubishi wangeupa nafasi kubwa zaidi.

Jumanne wanafunga. Ukiwa na mtoto kuna chumba cha watoto humo ndani. Panga kutumia masaa matatu angalau, halafu siku nyingine nenda Mji Mkongwe wa Warsaw, ule walioujenga upya kutoka kwenye vifusi wakitumia hata michoro ya zamani ya mchoraji Bellotto, ukitoka hapa utauangalia tofauti kabisa.