Uzoefu wangu: nakala ya 312 kati ya 500 ya mapigano ya Isandlwana

Kwa miaka sita sasa nimekuwa nikikusanya chapa za picha za vita vya kihistoria, zile zinazotolewa kwa idadi maalumu na kutiwa saini na mchoraji mwenyewe, na mpaka leo ninazo tisa. Ya karibuni ni ya mapigano ya Isandlwana, ambayo niliiagiza kwa njia ya intaneti kutoka duka moja la Uingereza kwa pauni 145, mbali na pauni 32 za usafirishaji na ushuru nilioulipa ilipofika Tanga. Pembeni mwake imeandikwa kwa penseli 312/500. Nimekaa nayo miezi minane, muda unaotosha kuisifu na kuilaumu kwa haki.

Tarehe 22 Januari 1879, chini ya mlima wa Isandlwana katika nchi ya Wazulu, Afrika Kusini ya leo, wapiganaji wapatao 20,000 wa Mfalme Cetshwayo waliivamia kambi ya Waingereza na kuua zaidi ya watu 1,300 kati ya takriban 1,800 waliokuwamo, wakati Lord Chelmsford, mkuu wa jeshi hilo, alikuwa ameondoka alfajiri na karibu nusu ya askari kuwatafuta Wazulu mahali ambapo jeshi lao kubwa halikuwapo. Picha mashuhuri kuliko zote za siku hiyo ni ile ya Charles Edwin Fripp ya mwaka 1885, inayotunzwa katika National Army Museum jijini London. Chapa nyingi nilizoziona madukani zinafuata mpangilio wake: askari wenye makoti mekundu wamesimama katikati mgongo kwa mgongo, uso wa kila mmoja unasomeka, na Wazulu ni wimbi linalowazingira kutoka kila upande.

Niliichagua chapa hii kwa sababu mchoraji wake amehama upande. Mtazamaji anasimama nyuma ya mabega ya Wazulu, kwenye pembe ya kushoto ya ule mpango wao wa kushambulia kwa umbo la nyati, ambapo kifua husonga mbele huku pembe mbili zikizunguka; mbele yake ni korongo ambamo Kanali Durnford wa Waingereza na wapanda farasi wake walijikinga kwa muda kabla ya kurudi kambini. Amefanya utafiti pia. Wapiganaji hawakuvishwa manyoya na mikia ya sherehe, mapambo ambayo wengi wao waliyaacha nyumbani walipokwenda vitani, na ngao zao ni zile fupi, nyepesi kuliko ngao kubwa za zamani. Zaidi ya yote, amechora nuru hafifu, kwa kuwa mchana ule jua lilipatwa kwa sehemu, na hiyo ndiyo roho ya picha yenyewe.

Kwa bahati mbaya, nuru hiyo hafifu ndipo uchapaji uliposhindwa. Kwenye tovuti ya duka, ndani ya kivuli cha korongo nilikuwa nikiona farasi watatu na mtu aliyepiga goti akijaza bunduki. Kwenye karatasi niliyoletewa, farasi mmoja anaonekana, wa pili unamkisia, na vilivyobaki ni weusi mtupu. Nilipoikagua kwa lenzi ya kukuzia nikaona vitone vya rangi nne vilivyojipanga kama viua vidogo, alama ya uchapaji wa ofseti, ile njia inayotumika kuchapa magazeti na kalenda. Ofseti si aibu, na ikisimamiwa vizuri hutoa kazi safi, lakini tangazo lilisema “kiwango cha makumbusho” bila kutaja njia ya uchapaji, nami kwa uzembe wangu sikuuliza.

Karatasi sina neno nayo: ni ya pamba, nzito, isiyo na asidi. Saini nayo ni ya mkono, kwani ukiinamisha karatasi kwenye mwanga unaona mfereji mwembamba uliochimbwa na penseli, jambo ambalo mashine haiigizi kwa urahisi.

Suala la idadi ndilo lililoniudhi. Duka lilidai pauni 40 zaidi kwa namba zilizo chini ya 50, na wapo wanaolipa. Zamani, picha zilipochapwa kwa bamba la shaba, desturi hiyo ilikuwa na maana, kwa sababu bamba huchakaa na nakala za mwanzo huwa kali kuliko za mwisho. Katika ofseti nakala ya 3 na ya 480 hazina tofauti, na mara nyingi mpangilio wa namba haufuati hata mpangilio wa kutoka mashineni. Kisha kuna nakala za mchoraji, zinazoandikwa A/P na kuwekwa nje ya hesabu ya toleo, ambazo kwa mazoea ni kama sehemu moja ya kumi ya toleo. Hapa zilikuwa 100. Miezi miwili baada ya kununua nikakuta picha ileile inauzwa kwenye turubai, nakala 200 zenye namba zake. Nilipoandika kulalamika nilijibiwa kwa adabu kwamba cheti kilichokuja na chapa yangu kinahusu karatasi ya ukubwa ule peke yake. Nilikisoma tena na kweli kinasema hivyo, kwa herufi ndogo. Mia tano yangu ilikuwa mia nane.

Kwa wanaoishi pwani niongeze neno kuhusu fremu. Fundi wangu alitaka kuibandika chapa kwenye hadibodi. “Kaka, bila gundi hii itajikunja,” alisema, na kwa unyevunyevu wa Tanga hakukosea kabisa. Ila chapa iliyogundishwa haithaminiwi tena na mnunuzi yeyote makini. Tulikubaliana aishike juu tu kwa vipande viwili vya karatasi nyembamba na uji wa wanga wa ngano, kisha aweke kadi isiyo na asidi kati yake na kioo ili visigusane, maana vikigusana kuvu huanzia hapo. Nimeitundika ukuta wa ndani usiofikiwa na jua.

Jambo linalonishangaza ni uchache wa mada. Mji huu ninaokaa ulipiganiwa Novemba 1914, wakati askari wapatao 8,000 walioletwa kutoka India kupigania upande wa Waingereza walipofukuzwa na jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, la watu wapatao 1,000, wengi wao askari Waafrika, lakini katika maduka ninayoyafuatilia napata Waterloo na Gettysburg ukurasa baada ya ukurasa, na Tanga sijaipata hata mara moja.

Kama ningeanza upya, chapa hii ya Isandlwana ningeilipia pauni 80, kwa ajili ya mchoro na karatasi. Juzi nimeliandikia duka jingine kuhusu chapa ya kumi, nikiomba picha ya karibu ya kona yenye giza kuliko zote pamoja na idadi ya nakala za kila aina. Walinitumia picha siku ya pili, na idadi tatu: 350 za karatasi, 35 za mchoraji, 50 za turubai. Hiyo nimeiagiza.