Chumvi ya Epsom kwa betta aliyefura tumbo: dawa nzuri, ila si ya kila tumbo

Pakiti za chumvi ya Epsom zinazouzwa kwenye maduka ya dawa mjini Malindi hazina neno hata moja juu ya samaki. Maelezo ya mgongoni ni ya mtu anayetaka kuloweka miguu. Hata hivyo, kwa betta, samaki mdogo wa kufugwa tangini, aliyevimbiwa ni vigumu kupata dawa rahisi kuliko hiyo. Tatizo ni kwamba watu huitia kwa kila tumbo lililofura, na matumbo hayafanani.

Kabla ya kufungua pakiti, mwangalie samaki kwa juu. Tumbo likiwa duara pande zote mbili, magamba yamelala, na chini ya tangi hakuna kinyesi kwa siku mbili, huyo amevimbiwa. Tumbo likifura upande mmoja tu na halipungui, huenda ni uvimbe wa ndani, chumvi haitauondoa. Jike aliyejaa na mwenye kinundu cheupe chini ya tumbo ana mayai, mwacheni. Magamba yakisimama kama ganda la nanasi, maji yamejaa mwilini na mara nyingi figo zimeshashindwa kazi. Hapo chumvi hupunguza maji kidogo, lakini haitibu, na wengi hufa hata wakipewa antibayotiki.

Kwa aliyevimbiwa, anza na njaa: siku 2 hadi 3 bila chakula. Asipopata choo, chota lita 4 za maji ya tangi lake mwenyewe, ili joto lisibadilike, tia kijiko kikubwa 1 cha chumvi na ukoroge hadi chembe zote ziyeyuke. Ndipo umtie samaki, dakika 10 hadi 15, usibanduke. Akianza kulala ubavu, mtoe hapo hapo. Rudia mara moja kwa siku, zisizidi siku 3. Chumvi hii ni magnesiamu salfeti: hulegeza misuli ya utumbo na kuvuta maji yaliyozidi mwilini.

Chumvi ya bahari ya Gongoni, kaskazini mwa Malindi, hata iwe safi namna gani, ni ya chakula. Ni sodiamu kloridi, na kazi hii haiiwezi. Pia epuka pakiti za Epsom zenye manukato au mafuta ya kuogea; soma orodha ya viambato, panapaswa kuwa na kitu kimoja tu. Ile inayopimwa na kufungwa kwenye mfuko wa nailoni usio na lebo, iache dukani.

Kasoro ya pakiti yenyewe ni kufunga. Ikishafunguliwa haizibiki tena, na kwa unyevunyevu wa pwani chumvi huganda mabonge. Kijiko cha mabonge hakina kipimo cha kuaminika. Ihamishie kwenye chupa kavu yenye kifuniko cha kuzungusha.

Maji ya mfereji yana klorini, hivyo yaache kwenye ndoo wazi kwa saa 24 kabla ya kuyatia tangini. Ya kisima yaonje kwanza, kwa kuwa visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi tayari. Joto la nyuzi 24 hadi 28 ndilo linalomsaidia betta kusaga chakula, na Malindi hulitoa bure takriban mwaka mzima. Usiku wa kusi, mwezi wa Julai, tangi dogo lisiwekwe dirishani.

Ushauri wa kumlisha njegere iliyomenywa haufai sana, maana betta ni mla nyama. Viroboto vya maji (daphnia) humfungua tumbo vizuri zaidi. Akipona, vidonge vya chakula 2 au 3 asubuhi na vingine kama hivyo jioni vinatosha, kwani tumbo lake ni kadiri ya jicho lake. Vile vikavu vinavyofura majini viloweke kwanza dakika chache, vifurie kikombeni badala ya tumboni.